Mashua Niliyoichagua kwa Mdomo wa Mama Mkwe

Nilikosa. Naanza hapo hapo nisije nikazungukazunguka kama nilivyozunguka miezi ile yote. Nilisema uongo, na uongo wenyewe sikuubeba mimi. Nilimbebesha mama mkwe wangu!

Jina langu sitalitoa. Kasese ni mji mdogo, Bwera ni mdogo zaidi, na wanaonifahamu watanifahamu tu wakifika kwenye habari ya kiboko. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Wewe unayesoma, cheka ukitaka kucheka, maana siku hizi hata mimi nacheka. Wakati ule, wallahi, sikucheka.

Mimi ni msafirishaji. Nina lori la kushusha kahawa kutoka Kyondo, na pikapu moja ya safari ndogondogo, Kasese kwenda Bwera, Bwera kurudi Kasese. Mke wangu, nimwite Biira, ni Mkonzo wa Kahendero, pale mwaloni kwenye Ziwa George. Alisilimu tulipooana. Mama yake alibaki na kanisa lake, na kwa hilo hatujawahi kukwaruzana hata siku moja. Kilichotukwaruza ni mashua.

Rafiki yangu Masereka analima kahawa huko huko Kyondo. Ni mtu wa milimani, amezaliwa mahali ambapo maji yanapita tu yakiteremka, hayakai. Ilikuwa katikati ya miaka ile ya 2010, tumepeleka kahawa Kampala, tukashuka Entebbe kumsalimia mjomba wake. Mchana tukakaa kando ya ziwa kunywa soda. Mara zikapita mashua mbili zenye matanga meupe. Hakuna injini. Hakuna moshi. Hakuna kelele. Zinateleza tu!

Masereka alisahau soda mkononi, ikamwagikia kiatu chake.

"Hii," akasema. "Mimi nataka hii."

Nami nikaitaka. Sijui nikuelezeje. Mtu umeendesha lori miaka kumi na tano, masikio yamejaa injini, halafu unaona kitu kinakwenda kwa upepo mtupu!

Zile mashua zilikuwa za mzee mmoja mgeni aliyekuwa anajiandaa kurudi kwao, na zote mbili alikuwa anaziuza. Alitupandisha, akatuonyesha namna ya kushika usukani na kamba ya tanga, na kila tulipopeleka kahawa tulirudi kwake kujifunza. Tukakubaliana, mimi na Masereka, tununue moja pamoja. Ingelala kwangu Kasese, uani, maana kule mwaloni viboko hutoka majini kula majani na hawachagui pa kupita. Kwa hiyo ilibidi iwe ya kuvutwa na pikapu kwa trela. Jumapili hii tuipeleke Ziwa George, Jumapili ijayo Ziwa Edward kule Katwe. Raha iliyoje!

Siku ya kwenda kuchagua, kahawa ya Masereka ilikuwa imeiva yote kwa pamoja. Akanipigia simu.

"Mimi iko na kahawa hapa, siwezi toka. Wewe enda. Lakini usichague kwa macho yako, nakujua! Pima, halafu uliza mama. Mama akisema hapana, ni hapana."

Mama aliyemtaja ni mama mkwe wangu. Nimwite Mama Masika, kwa jina la binti yake mkubwa, dada wa Biira. Mumewe alipofariki alimwachia mashua mbili za uvuvi, yeye akazifanya nne. Hapo Kahendero, mtu akitaka kujua wapi pana tope, wapi pana mawe, mashua gani itafaa, alikuwa anamwendea yeye. Wanaume wazima walikuwa wanamwendea!

Nikafika Entebbe, nikazikuta zote mbili nchi kavu, juu ya trela zao. Ya kwanza ilikuwa ndogo, wazi, rangi ya kijani iliyobabuka, viraka viwili ubavuni. Chini yake ni bapa. Badala ya mkuku, ule uti wa chini unaozama majini, ilikuwa na ubao katikati, unaushusha majini kwa kamba, na ukifika penye kina kidogo unaupandisha. Mlingoti wake niliuinua peke yangu, kwa mkono mmoja karibu. Lakini sura! Kama sufuria kuukuu.

Ya pili ndiyo iliyoniua. Nyeupe kama kanzu ya Idi. Ina kichumba mbele chenye vitanda viwili, jiko dogo, na madirisha yenye mapazia. Mapazia, ndugu yangu! Ya bluu! Chini yake palikuwa na mkuku wa chuma, mzito, hauondoki wala haukunjwi.

Nikapima. Nikampigia mama mkwe.

"Hiyo yenye chuma," akauliza, "chuma chake ukisimama nacho kinakufikia wapi?"

"Kiunoni, mama."

"Na hapa mwaloni kwetu, ukiingia ziwani hatua hamsini, maji yanakufikia wapi?"

"Sijui, mama."

"Kiunoni. Chukua ile ndogo, mwanangu. Ile ya ubao wa kupandisha. Mlingoti je, unauinua mwenyewe?"

"Wa ile ndogo nauinua. Wa ile kubwa wanauinua wanaume wanne."

"Sasa mbona unaniuliza?"

Nikamshukuru kwa adabu zote. Nikakata simu. Nikaigeukia ile kubwa, upepo ukapeperusha pazia moja dirishani. Nikajiona nimekaa humo ndani na kikombe cha chai, watu wa Kasese wamesimama nje wananitazama.

Nikampigia Masereka.

"Mama amesemaje?"

"Amesema kubwa."

"Mama amesema hivyo? Na chuma chote hicho alichotuonyesha mzee kwenye picha?"

"Wallahi, Masereka. Kubwa."

Astaghfirullahi! Nimeapa! Kwa ajili ya mapazia!

Safari ya kurudi ilinichukua siku mbili. Pikapu yangu ililia kila mlima. Tulipoteremka Kichwamba, breki zilinuka hadi nikasimama mara tatu kuzipoza, nyani wamekaa ukingoni wananitazama kama mahakama. Mtu mwenye akili angefika Kikorongo akaenda moja kwa moja nyumbani. Mimi nilikata kushoto, barabara ya Bwera, kwa sababu moja tu: ilikuwa siku ya soko!

Nilitaka nionekane. Na nilionekana. Soko lote lilisimama. Watu wa Kongo waliovuka mpaka kuuza maharage waliacha magunia yao wakaja kuizunguka.

"Baba," mama mmoja akaniuliza, "hii iko ndege ama iko nyumba?"

"Ni mashua, mama."

"Mashua ya mu maji?"

"Ndiyo."

"Sasa uko naitembeza mu soko kwa nini?"

Watu wakaangua kicheko. Nikawasha gari. Mbele kidogo, askari kwenye kizuizi akanyoosha mkono.

"Wewe! Simama! Hiyo nini?"

"Mashua, afande."

"Naenda wapi?"

"Ziwani, afande."

"Ziwa iko nyuma yako! Geuka!"

Nikageuka. Hata hapo sikuona aibu. Nilikuwa na furaha ya mtu mjinga, na hiyo ndiyo furaha tamu kuliko zote hadi inapokwisha.

Inakwisha mwaloni.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Kahendero. Ruhusa ya kamati ya mwalo tulishaomba, Masereka amekuja na mkewe, amevaa koti. Koti la arusi! Mkewe amebeba sufuria ya pilau aliyoipika Biira, tule katikati ya ziwa. Biira mwenyewe alibaki ufukweni kwa sababu alikuwa mjamzito na tumbo lilikuwa halitaki mchezo.

Nikarudisha pikapu nyuma, trela ikaingia majini. Mashua haikuelea. Nikarudi tena. Haikuelea. Nikarudi hadi maji yakaingia miguuni mwangu ndani ya gari na injini ikakohoa ikazima. Mashua imekaa juu ya trela yake, imetulia kama bibi harusi.

Wavuvi walikuja, ishirini hivi, wakaisukuma wakiimba. Ikaporomoka pwaa! Ikaelea! Wanawake wakapiga vigelegele. Tukapanda, tukainua tanga, upepo ukalijaza, mashua ikaondoka. Nakwambia, kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini, sikuwa na mwenzangu duniani!

Halafu ikasimama. Polepole, bila kishindo, kama mtu anayekaa kitini. Chuma kimezama kwenye tope. Upepo ukaendelea kusukuma tanga, na mashua kwa kuwa haikuweza kwenda mbele ikaamua kwenda ubavuni. Ikalala! Mke wa Masereka akateleza kutoka upande huu hadi upande ule, sufuria ikaruka, pilau yote ikawa ya samaki. Masereka akakumbatia mlingoti na koti lake. Mimi niling'ang'ania dirisha, pazia la bluu likanijia usoni.

Na hapo, hatua chache kutoka kwetu, kiboko akaibuka. Akapuliza maji puani. Akatutazama kama mwenye shamba aliyekuta mbuzi wa jirani kwenye mihogo.

"Usipige kelele," Masereka akaninong'oneza, halafu akapiga kelele yeye.

Aliyekuja kutuokoa ni mama mkwe. Alikuja na mashua yake ya uvuvi, amesimama nyuma na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, anasukuma bila haraka. Akapiga ubavu wa mashua yake kwa pondo, ko, ko, ko, hadi yule kiboko akachoka na kelele akazama akaenda zake. Akatupakia mmoja mmoja. Mimi, mkwe wake, nilipakiwa wa mwisho, nimelowa, kiatu kimoja.

Tulipofika nchi kavu Masereka alikuwa anakamua koti lake. Mwalo mzima umetuzunguka. Akamgeukia mama mkwe, maneno yakamtoka:

"Mama, na wewe ndiye ulisema tuchukue hii!"

Mama Masika akamtazama. Kisha akanitazama mimi.

Nilikuwa na nafasi pale. Neno moja tu lingetosha! Niliangalia kiatu changu kimoja.

"Ndiyo," mama akasema. "Nilisema."

Akaokota pondo lake akaenda zake.

Ndugu yangu unayesoma, hapo ndipo kosa langu lilipokuwa kosa. Kuchagua mashua vibaya ni ujinga, na ujinga unasamehewa. Lakini nilimwacha yule mama aondoke na aibu yangu begani. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho nikasema keshokutwa.

Mashua ilivutwa kutoka kwenye tope, ikarudi Kasese, ikakaa uani kwangu na kuku wakaanza kutaga kwenye kile kichumba. Watoto wa mtaa walikuja kuitazama. Hayo yalikuwa yangu, na niliyavumilia. Ya Kahendero ndiyo yaliyokuwa mabaya. Wavuvi walianza kumwita mama mkwe "Bi Mkuku". Mtu akiuliza jambo la ziwa, wanamwambia: muulize Bi Mkuku, atakwambia George ni bahari! Mwanzoni walikuwa wanatania. Baadaye watu waliacha kweli kumwendea.

Na palikuwa na uchaguzi wa kamati ya mwalo. Kabla ya mashua yangu, kila mtu alijua mwenyekiti atakuwa yeye. Alitaka ijengwe paa pale kina mama wanapoparua samaki, maana wanaparulia juani na mvuani. Siku ya kuchagua watu walipanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka. Nilikuwepo, nimepeleka mzigo. Nilisimama kando ya lori langu nikauona mstari wake. Ulikuwa mfupi sana. Baadhi ya waliosimama mstari ule mwingine ni watu aliowafundisha yeye kushika pondo!

Aliaga kwa upole, akarudi nyumbani kuparua samaki wake. Kulikuwa kunanyesha.

Nilirudi Kasese bila kuwasha redio.

Biira ndiye aliyeanza kuumwa na jambo lile. Alimuuliza mama yake mara mbili kwa simu, na mama akajibu lile lile: nilisema. Usiku mmoja hakulala vizuri, na asubuhi, binti yetu Hawa ameshaenda shule, tukinywa chai akaniambia:

"Baba Hawa, mama ana shida."

"Shida gani?"

"Ya kichwa. Mama hawezi kusema mashua ya mkuku iingie Kahendero. Hata akiwa ndotoni. Kama amesema, basi kichwa kinaanza kusahau. Bibi yangu aliondoka hivyo hivyo, alianza kwa kusahau njia ya kisima." Akafuta macho. "Nataka tumpeleke hospitali."

Ungesema nini wewe? Mimi nilisema, "Sawa, nitawapeleka."

Nilisema sawa! Nikawasha pikapu, nikaenda kumchukua mama mkwe Kahendero apimwe kichaa ambacho nilimpa mimi! Na yeye akapanda, amevaa gomesi lake zuri la kanisani, mkoba mapajani. Njia nzima hakunisema. Aliniuliza tu kama matairi ni mapya.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwuliza leo ni siku gani, akajibu. Alimwuliza wajukuu wake, akawataja wote kumi na mmoja kwa mpangilio wa kuzaliwa na mahali walipozaliwa. Akaambiwa ahesabu kurudi nyuma, akahesabu. Daktari akatabasamu.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Niko na mashua. Kahendero."

"Basi niambie, ziwa lenu likoje?"

Mama akakaa sawa kwenye kiti. Akafumba macho kidogo.

"Kutoka mwaloni, hatua hamsini, kiunoni. Tope laini. Ukielekea mafunjo, magotini, usipeleke kitu kizito. Ukipita mafunjo kushoto kuna mawe matatu, la kati halionekani mvua ikinyesha sana. Mbele zaidi maji yanafika pondo zima. Mbele kabisa, pondo na nusu. Hapo katikati ndipo mwisho wa kina chake. Ziwa letu pana, lakini ni sahani tu, daktari. Ni sahani."

Biira aligeuka. Hakumtazama mama yake. Alinitazama mimi.

Ah! Nimewahi kusimamishwa na askari wenye bunduki mara nyingi, sijawahi kuogopa vile. Nilikaa chini, chini kabisa sakafuni, mbele ya daktari na mke wangu na mama mkwe wangu, nikaanza kulia kama mtoto.

"Ni mimi," nikasema. "Mama alisema ndogo. Alisema ndogo! Mimi ndiye niliyesema kubwa."

Daktari alitutazama mmoja mmoja. "Sasa," akauliza polepole, "mgonjwa ni nani?"

Mama mkwe alianza kucheka. Alicheka hadi akashika meza, mkoba ukaanguka. Biira hakucheka. Aliinama akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: "Wiki ngapi nimelia kwa ajili ya mama yangu?" Kisha akatoka nje.

Nilimwuliza mama pale pale kwa nini hakusema ukweli siku ile ufukweni.

"Wewe ni baba wa wajukuu wangu," akasema. "Ningekuvua nguo mbele ya wavuvi? Nilingoja uvue mwenyewe." Akafuta macho. "Lakini mwanangu, umechelewa kuvua!"

Nilijua kilichobaki. Jumamosi, saa sita mchana, watu wamejaa pale penye mizani ya samaki, nikasimama juu ya kreti. Nikasema kwa sauti yote niliyonayo:

"Jamani, Mama Masika alisema ile ndogo! Alinipigia hesabu ya maji kwa simu, akanikataza ile ya chuma. Mimi nilitaka mapazia. Nikamdanganya Masereka kwa jina lake, na mama akaninyamazia. Mwenye aibu ni mimi."

Halafu mvuvi mmoja mzee akauliza kutoka nyuma:

"Mapazia?"

"Ya bluu," nikasema.

Basi! Mwalo mzima uliripuka! Watu walicheka hadi wengine wakakaa kwenye nyavu. Hadi leo, nikipita Kahendero na lori, mtu hunipungia shuka au taulo dirishani, na kina mama huniita Bwana Mapazia. Nalipokea. Lile jina la mama lilikufa siku hiyo hiyo.

Aliyekuwa hacheki ni Masereka. Alikuwa amesimama pembeni, nilimwita mimi mwenyewe aje asikie. Alinisogelea akasema:

"Wewe uliapa."

"Niliapa."

"Mimi nikamfokea mama wa watu."

Akaenda kwa Mama Masika, akapiga magoti mbele ya kila mtu, akaomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Kisha akapanda bodaboda akaondoka. Miezi mitatu kahawa yake ilishuka Kyondo kwa lori la mtu mwingine. Miezi mitatu! Nilikuwa nampita barabarani namwashia taa, hata kope hapepesi.

Biira alinisamehe kabla ya mtoto kuzaliwa, lakini alinisamehe kwa masharti. Uenyekiti wa mama haukurudi, uchaguzi ulishapita. Hilo sikuweza kulitengeneza. Nililoweza ni kubeba nguzo na mabati kwa lori langu hadi Kahendero na kusimamia mafundi hadi paa la kina mama likasimama. Mama alinipa mkono. "Wasingya," akaniambia, yaani asante kwa Kikonzo, na kina mama wakaingia kivulini na visu vyao. Sikuwahi kupewa asante iliyonichoma namna ile.

Na mashua? Mwenye hoteli mmoja upande wa Fort Portal, penye yale maziwa ya kreta yenye kina cha kutisha, aliisikia habari akaja kuiona. Akawatoa kuku, akainunua. Ukiiona leo imefungwa gatini, mashallah, imependeza! Haikuwa mashua mbaya. Ilikuwa mashua ya maji mengine.

Nikampigia yule mzee wa Entebbe. Mwenyewe alikuwa hajaondoka, na ile ya kijani ilikuwa bado ipo. Hakuna aliyeitaka kwa ule usufuria wake. Nilikwenda kuichukua, na nilipofika Kikorongo sikukata popote.

Siku ya kuijaribu nilifika mwaloni nikakuta mtu amekaa juu ya jiwe, koti amelikunja mapajani. Masereka!

"Mama ameniambia. Nimekuja kupima mimi mwenyewe," akasema bila salamu. Akatoa futi ya fundi mfukoni. Akapima ubao, akapima upana, akaingia majini na suruali yake akapima maji. Kisha akainua mlingoti peke yake, akaurudisha, akauinua tena. "Sawa," akasema. "Lakini wewe hutachagua kitu tena. Hata chai nitakuagizia mimi."

"Niagizie, ndugu yangu. Niagizie!"

Wa kwanza kupanda, tulikubaliana, awe mama mkwe. Na hapa ndipo nilipolipa vizuri. Mkwe na mama mkwe wanatakiwa kukaa mbali kidogo, kuheshimiana. Mashua ile ina nafasi ya watu watatu waliobanana! Kila tanga likigeuka, ule mti wake wa chini unapita juu ya vichwa na wote mnainama pamoja. Tuliinama pamoja, mama na mimi, vichwa vikagongana, paa! Nikataka kufa. Yeye akashika paji la uso akasema, "Endelea, tumeshajuana."

Tulipofika kwenye maji ya magotini nikavuta kamba, ubao ukapanda, mashua ikapita juu ya tope kama kijiko kinavyopita juu ya uji. Mama alinyanyua macho akalitazama tanga lililojaa, muda mrefu. Amekaa ziwani miaka yake yote kwa pondo na kasia. Akaniambia nimpe usukani. Nikampa. Akaondoka nasi hadi katikati, hakutaka kurudi, Masereka akaanza kulalamika njaa.

Basi wewe unayetaka mashua ya tanga ya kuvuta kwa gari, nisikie mimi niliyelala ubavuni mbele ya kiboko. Anza na maji yako yana kina gani, ndipo uitazame mashua. Jua gari lako linavuta nini mlimani, na mlingoti utauinua na nani siku uko peke yako. Madirisha yaangalie mwisho kabisa.

Na usiseme fulani amesema, kama fulani hakusema! Siku hizi watu wa Bwera na Kasese hunipigia kuniuliza juu ya mashua. Simjibu mtu. Nampa namba ya mama mkwe, aongee naye mwenyewe, asikie kwa masikio yake.